Upande wa Wageni

Lori la kubeba takataka lilikuwa lije Jumamosi saa tatu asubuhi, na mjomba alishalilipa nusu. Nyumba ya zamani ya bibi yangu hapa Moshono ilikuwa ibomolewe wiki inayofuata, zijengwe nyumba za kupangisha, kama walivyokwisha kufanya majirani wengi ambao zamani walikuwa na migomba na kahawa mahali hapo hapo. Mimi nikapewa stoo. "Wewe si ndiye msomi wa historia," mjomba alisema. "Chagua. Usichokichagua kinapanda lori."

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimekuja kutafuta kitu kingine kabisa: mada ya tasnifu yangu ya uzamili. Nilichopata ndani ya gunia la mkonge ni koroboi iliyotengenezwa kwa kopo la maziwa, jozi ya katambuga za tairi zenye mikanda mitatu, chujio lililotobolewa kwa msumari, na blanketi la viraka zito kama mtoto aliyelala. Kwenye blanketi nilitambua kipande cha gunia la unga, mgongo wa shati jeupe la shule, pindo la khanga, na mkono wa koti la mwanamume. Viraka vyote vilikuwa vimeunganishwa kwa uzi mwekundu wa sufu.

Kabla jua halijazama nilishakuwa na kichwa cha tasnifu: ubunifu wa wanawake wa Meru katika kutumia upya vitu vilivyochakaa. Nilikipenda. Kilikuwa na harufu ya nyakati zetu, nyakati ambazo mtu akigeuza chupa kuwa kikombe anapigwa picha. Nikampelekea Koko habari (sisi Waarusha ndivyo tunavyomwita bibi) akiwa jikoni anachambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ubunifu," alirudia, kama anayeonja chumvi. "Andika tulikosa, mama. Andika kwanza tulikosa."

Basi na tuanze hapo, kwa sababu ana haki.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa hapa Arusha, ilivunjika. Mwaka huo huo mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa, na ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Kwa mji ulio mwendo mfupi tu kutoka Namanga, hiyo ilikuwa kama kufungiwa mlango wa jikoni. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Vita ile tulishinda, lakini ilikula fedha za kigeni ambazo nchi ilizihitaji kwa vipuri, mafuta na malighafi. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda tena. Viwanda tulivyojengewa imani baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vya nguo, sabuni na vinginevyo, vikaanza kusuasua kimoja kimoja. Mashine ilikuwepo, fundi alikuwepo, kilichokosekana ni kipuri kilichotakiwa kununuliwa kwa dola.

Wanaoyakumbuka maisha ya wakati ule hawataji dola. Wanataja sabuni, sukari, mafuta ya taa na nguo. Wanataja foleni na mgawo. Koko anakumbuka kupanga jiwe badala ya mtu, kila familia na jiwe lake mbele ya duka la ushirika, na ugomvi uliozuka siku mtoto mmoja alipoyasogeza. Mwaka 1983 serikali ilianzisha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, ukiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, mwana wa Monduli, jirani zetu. Wapo waliokamatwa wakiwa na bidhaa nyingi kweli. Wapo pia watu wa kawaida walioogopa hata kuonekana na vipande vya sabuni vinavyozidi matumizi ya nyumba.

Ndani ya miaka hiyo ndipo Koko alipolishona lile blanketi. Alikuwa na watoto watano, na Juni na Julai mlimani hapa ni baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Mablanketi dukani hayakuwepo. Shati la shule lilikuwa la mjomba, likamfaa mdogo wake, likamfaa mdogo wa mdogo wake, kisha likawa kiraka. Koti lilikuwa la babu. Uzi mwekundu aliufumua kutoka kwenye sweta lililokwisha viwiko.

Nilipoandika haya kwenye daftari niliona aibu kidogo. Kile nilichotaka kukiita ubunifu kilikuwa ni mama anayehesabu watoto usiku na kuona blanketi halitoshi.

Lakini historia ya mlima huu haianzi na miaka ya mgawo, na hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kuendelea.

Katika karne ya 19 misafara kutoka Pangani na pwani nyingine ilipita chini ya Kilimanjaro kuelekea nchi ya Wamaasai, ikibeba nguo za merikani, shanga na seng'enge. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita njia hizo mwaka 1883, alilazimika kusimama Taveta ili wapagazi wake watunge shanga kwenye nyuzi, kwa kuwa Wamaasai hawakukubali shanga zilizomwagwa tu. Hebu fikiri: wanaume waliobeba mizigo kutoka baharini wanaketi chini kutunga shanga, kwa sababu wanunuzi wa bara wameamua zije namna gani. Shanga zilitengenezwa Ulaya, lakini rangi ipi ikae jirani na rangi ipi liliamuliwa huku. Seng'enge iliyotoka viwandani ng'ambo iliishia kwenye mikono na miguu ya wanawake, ikiwa imezungushwa mzunguko juu ya mzunguko. Watu wa hapa hawakuwa na shida ya seng'enge ili waishi. Waliitaka.

Kuchukua kitu kilichotengenezwa kwa kazi nyingine na kukipa kazi yako ni tabia ya zamani katika sehemu zetu. Pwani wanasimulia kwamba khanga ilianza pale wanawake waliponunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunganisha kwa sindano zikawa vazi moja. Dar es Salaam, mwaka 1968, Edward Said Tingatinga, kibarua aliyezaliwa Tunduru, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya mbao za kufunikia dari. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, akatumia za mafundi. Alipigwa risasi na polisi kwa makosa mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Mfano wa mbali ulinisaidia zaidi. Katika kitongoji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama nchini Marekani, wanawake weusi, wajukuu na vitukuu vya watumwa, walishona mablanketi kwa nguo za kazi zilizochakaa ili familia zisilale na baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa kwenye ukuta wa makumbusho huko Houston, na baadaye New York, na wahakiki wakayalinganisha na kazi za wachoraji wakubwa wa karne ya 20. Mwaka 2006 yalichapishwa kwenye stempu za posta. Nilipomwonyesha Koko picha kwenye simu, hakushangaa kwamba ni mazuri. Aliuliza, "Na wao sasa wanajifunika nini?"

Swali hilo ningependa liandikwe kwenye mlango wa kila duka la kazi za mikono. Arusha yetu leo imejaa maduka hayo. Katambuga ambazo babu alizivaa kwa kukosa viatu zinapambwa shanga na kuuzwa kwa watalii. Karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007 pembezoni mwa mji, inayeyusha chupa zilizotumika na kuzigeuza kuwa shanga na vyombo vya kioo, na wanaofanya kazi humo wengi ni watu wenye ulemavu. Hiyo ni ajira ya kweli, na mikono ile ni ya ustadi wa kweli. Hata mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, mafundi cherehani wengi walishona vikapu na mifuko ya vitambaa kabla wengine hatujamaliza kulalamika. Kutumia upya kumekuwa chaguo, na mwenye kuchagua anaweza pia kuacha. Koko hakuweza kuacha. Mtu anayeyachanganya mambo haya mawili atamsifia maskini kwa umaskini wake.

Hata hivyo, nilikuwa bado na koroboi mkononi. Koroboi inahitaji kopo, kifuniko chenye tundu, bomba dogo la utambi na mshikio. Mshikio wa hii ulikuwa wa waya, na waya huo ulikuwa umezungushwa mara kumi na moja, mizunguko imelala sambamba bila hata mmoja kupanda juu ya mwenzake. Mizunguko miwili ingetosha kabisa. Nikaona nimepata ushahidi: mizunguko tisa isiyohitajika, mkono wa mwanamke aliyemwona mama yake amevaa seng'enge. Nilimpelekea Ijumaa usiku kama wakili anayepeleka kielelezo mahakamani.

"Hii mizunguko yote ya nini, Koko?"

Aliigeuza koroboi karibu na taa. "Waya ulikuwa mrefu," alisema. "Ningeukata kwa nini? Kwa meno?"

Niliandika jibu hilo pia. Mwanafunzi wa historia anayeandika tu majibu anayoyapenda ni bora akauze mitumba Kilombero, kule angalau mteja anaruhusiwa kugeuza nguo aone ndani.

Na ni kugeuza huko ndiko kulikonipa jibu. Jumamosi alfajiri, kabla lori halijafika, nililikunja blanketi nikaliweka juu ya kochi la sebule mpya. Koko alipita na kikombe chake cha chai. Hakusema kitu. Aliweka kikombe chini, akalikunjua blanketi, akaligeuza, akalikunja tena. Hapo ndipo nilipoona kwamba lina pande mbili. Upande mmoja nyuzi zimekwenda ovyo ovyo, fundo hapa, fundo pale, kazi ya mtu aliyechoka. Upande wa pili uzi mwekundu umekwenda kwa mishono mifupi inayolingana, na kwenye kila pembe ya kila kiraka kuna msalaba mdogo ambao haushikilii chochote.

"Huu ndio upande wa wageni," alisema.

"Mlikuwa na wageni miaka ile?"

"Wageni hawakosekani, mama. Sukari ndiyo ilikosekana."

Kuanzia bajeti ya mwaka 1984/85 wenye fedha za kigeni waliruhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa sana walizipata wapi. Mitumba ikarudi. Mwaka 1985 Ali Hassan Mwinyi akawa rais, na wananchi wakamwita Mzee Ruksa. Blanketi la dukani likaingia nyumba ya Moshono, na la viraka likaingia gunia. Vitabu vinaeleza mabadiliko hayo vizuri, pamoja na takwimu zake. Havina nafasi ya kueleza kwamba katika mwaka mbaya kuliko yote, mtu mmoja mlimani alitumia uzi aliokuwa nao kidogo kuweka misalaba ambayo baridi haikuiomba, kwa ajili ya mgeni ambaye huenda asingekuja.

Tasnifu yangu sasa ina sura mbili mahali nilipopanga moja. Ya kwanza inaitwa "Tulikosa". Ya pili inahusu misalaba, na siruhusiwi kuiandika kabla ya ile ya kwanza. Aliyeweka sharti hilo si msimamizi wangu wa chuo.

Lori lilifika saa nne, likaondoka na chujio, gunia na katambuga, maana mpira wake ulishapasuka na Koko mwenyewe alizitupa ndani kwa mkono wake. Koroboi niko nayo mezani ninapoandika. Blanketi liko juu ya kochi, na kila nikienda nyumbani hulikuta limegeuzwa upande wa misalaba.