Mbuzi Anayerudishwa Alikotoka

Mtu ana chui, mbuzi na majani, na mbele yake kuna mto. Mtumbwi unambeba yeye na kitu kimoja tu. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yatakwisha. Avukeje?

Chemshabongo hii inakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,200. Maandishi yake ya kale zaidi yanayojulikana yamo katika mkusanyo wa Kilatini wa maswali ya kunoa akili za vijana, unaohusishwa na Alcuin, mwalimu kutoka York, Uingereza, aliyeitwa kufundisha katika kasri la mfalme Charlemagne na kufariki mwaka 804. Kwake ni mbwa mwitu, mbuzi na kabichi.

Utamu wake umo katika safari ya nne. Mbuzi huvushwa kwanza, mtu hurudi mikono mitupu, kisha humvusha chui. Hapo wengi hukwama, maana chui na mbuzi sasa wako ukingo mmoja. Dawa ni kumrudisha mbuzi alikotoka, kumwacha huko na kuyachukua majani, halafu kumfuata mwishoni. Jumla ni safari 7. Anayeona aibu kurudi nyuma hatavuka kamwe.

Tazama pia kwamba hakuna cha kujumlisha wala kugawanya. Kinachopimwa ni mpangilio: nani yuko ukingo upi. Mipangilio yote ni 16, na 10 kati yake ni salama. Ukiichora kwa nukta na kuziunganisha kwa mistari, jibu linaonekana kwa macho. Kwangu mimi hiyo ni hesabu halisi, tena ya hali ya juu, na inasikitisha kuona watoto wakiambiwa hesabu ni kukokotoa tu.

Wakubwa nao wamejikwaa katika mafumbo ya kuvuka mto. Katika karne ya 16, mwanahisabati Tartaglia wa Italia alidhani wanandoa jozi nne wenye wivu, ambapo mke haachwi na mwanamume mwingine mumewe asipokuwepo, wanaweza kuvuka kwa mashua ya watu wawili. Bachet, Mfaransa aliyechapisha kitabu cha hesabu za kujifurahisha mwaka 1612, alionyesha kuwa haiwezekani. Mwaka 1968 mtaalamu wa kompyuta Saul Amarel alitumia fumbo la jamii hiyohiyo kuchunguza namna kompyuta inavyoweza kufikiri.

Mwaka 1990 mwanahisabati wa Marekani, Marcia Ascher, alilinganisha mafumbo ya kuvuka mto ya Ulaya na ya Afrika, likiwemo la Zanzibar lenye chui, mbuzi na majani. Linalonivutia kuliko yote ni la Waila wa Zambia. Kwao kuna chui, mbuzi, panya na kikapu cha mahindi, na chombo kinabeba mtu na kimoja tu. Jaribu utakavyo: ukichukua chochote, nyuma kuna atakayeliwa au kitakacholiwa. Mtu yule anafikiria kumwacha chui au panya, lakini wanyama hao kwake ni kama watoto. Anaamua kutovuka, anabaki nao.