Sahani Zisizo na Muziki: Jinsi Madj wa Karagwe na Kyerwa Walivyohamia Laptopu

Ingia harusi yoyote pale Omurushaka au Nkwenda msimu ambao hela ya kahawa imeshaingia mfukoni. Kwenye meza ya DJ utakuta laptopu yenye stika, kontrola ya plastiki, nyaya zimejaa kama mie kwenye sahani, na dogo wa miaka ishirini na kitu anakodolea skrini kama anajibu meseji za demu wake. Pembeni amesimama mzee wa kazi, mikono nyuma, anamwangalia tu. Kwa mzee huyo, dogo si DJ. Ni mtu wa kipanya.

Ugomvi huo una historia ndefu kuliko watu wanavyodhani, na katikati yake kuna kifaa ambacho wengi hawajawahi hata kukisikia: santuri isiyo na wimbo hata mmoja ndani.

Tuanzie mwanzo. Enzi za santuri, Karagwe ilikuwa mbali na kila kitu. Bendi nyingi za Dar zilivuka mpaka kwenda Nairobi kurekodi, huko ndiko santuri zilikochapwa, kisha zikarudi madukani. Mpaka moja ifike Kayanga imeshabadilisha mikono mara kibao. Wenye gramafoni walikuwa wa kuhesabu. Miaka ya 80 kanda zikafunika kila kitu: unakwenda kibandani na orodha yako ya nyimbo kwenye karatasi, fundi anakurekodia, unarudi kesho. DJ wa wakati huo alikuwa na deki mbili za kanda na kalamu ya biki ya kurudishia mkanda. Kalamu hiyo ndiyo ilikuwa kila kitu. Ukimwona mtu anazungusha kanda kwa biki huku anaangalia wanaocheza, huyo anajua.

Wakati huohuo, huko duniani madj walikuwa wameshazama kwenye mashine moja ya Kijapani, Technics SL-1200, iliyotoka 1972. Mota yake inazungusha sahani moja kwa moja bila mkanda wa mpira, kwa hiyo ukiishika santuri na kuiachia inarudi kwenye kasi fasta. Skrachi zote unazozisikia kwenye hip hop zimejengwa juu ya hiyo nguvu. Lakini kwa barabara za vumbi za Kagera, kubeba sindano laini na maboksi ya santuri nyuma ya pikapu ilikuwa ni kutafuta hasara. Ndiyo maana madj wengi wa huku waliruka hatua hiyo kabisa. Kutoka kanda wakaangukia CD.

CD ilibamba kwa sababu ni nyepesi na mtu anaweza kuichoma mwenyewe kwenye kompyuta ya kibanda cha intaneti. Pioneer walishatoa CDJ-500 mwaka 1994, halafu 2001 ikaja CDJ-1000 yenye gurudumu kubwa juu, unaligusa na wimbo unatii kama vile umeshika santuri. Ni wachache waliomiliki hiyo. Wengi walikuwa na deki za CD za bei ya chini zenye kipimo cha kuongeza na kupunguza kasi, na kwa kazi za harusi zilitosha.

Hapa kuna jambo ambalo halisemwi sana. Kwenye miji midogo, vyombo ni vya tajiri. Spika za tajiri, deki za tajiri, jenereta ya tajiri, na mara nyingi hata mkoba wa CD ni wa tajiri. DJ anakuja na masikio yake tu. Siku wakigombana, anaondoka mikono mitupu, hata zile nyimbo alizozitafuta kwa miaka zinabaki. Na Karagwe si mahali pa kucheza Bongo Fleva pekee ukaondoka na heshima. Kinyambo na Kinyankole ni ndugu wa karibu, kwa hiyo wazee wanataka nyimbo za upande wa pili wa mto Kagera, wengine wanataka rumba la Kongo, na kuna meza moja lazima itaomba kitu cha Kinyarwanda. Kukusanya mzigo wa namna hiyo ni kazi ya miaka. Kupokonywa mkoba wa CD ilikuwa ni kupokonywa kazi.

Sasa ile santuri isiyo na wimbo. Mwishoni mwa miaka ya 90, kampuni ya Uholanzi iitwayo N2IT ilibuni kitu kilichokuja kuitwa Final Scratch, na madj wawili wenye majina, Richie Hawtin na John Acquaviva, wakatia mkono. Kampuni ya Stanton ikakiingiza sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2004 Serato wa New Zealand wakaja na Scratch Live, na hapo ndipo mambo yalipochangamka kweli.

Ujanja wake ni huu. Ndani ya santuri, badala ya muziki, kuna mlio mmoja tu unaoendelea. Wa Serato unapiga mizunguko 1,000 kwa sekunde. Waya wa deki hauendi kwenye spika, unaingia kwenye laptopu kupitia kadi ya sauti. Programu inasikiliza: ukiongeza kasi ya sahani kwa asilimia 10, mlio unapanda mpaka 1,100, na programu inaukimbiza wimbo wako wa MP3 kwa asilimia hizohizo. Mlio wa kushoto na wa kulia haviendi sawasawa, kimoja kinatangulia kidogo, kwa hiyo programu inajua kama unasukuma mbele au unavuta nyuma. Na mlio wenyewe umefichiwa alama zinazosema sindano iko dakika ya ngapi. Hiyo ndiyo taimukodi. Mkono unabaki kwenye sahani, muziki unatoka kwenye laptopu.

Kwa watu wa CD habari ilikuwa nzuri zaidi, maana mlio huohuo unawekwa kwenye CD. Serato wenyewe waliweka faili la CD hiyo bure kwenye tovuti yao, unachoma mbili, unatumbukiza kwenye deki za zamani, kazi imeanza. Kuna programu nyingine pia, kama Virtual DJ ya 2003, zinazoielewa taimukodi.

Umeona kilichotokea hapo? Deki za tajiri zimegeuka usukani tu. Gari lenyewe, yaani nyimbo zote, liko kwenye begi la DJ. Akifukuzwa leo, kesho anaanza kazi kwa mwingine na maktaba yake yote.

Ila tusidanganyane, taimukodi haikuwahi kutawala huku. Kadi ya sauti yenye njia mbili za kuingiza ilikuwa ghali na hupati dukani Kayanga. Ukikosea waya, ule mlio unatoka spika kubwa, piiiiii, ukumbi mzima unaziba masikio, bibi harusi anageuka. Halafu madogo walikuwa na njia ya mkato: Virtual DJ kwenye laptopu, bila deki, bila chochote. Singeli ya Dar imekua kwa mtindo huohuo, madj wa studio ya Sisso wakiendesha kasi za kutisha kwa laptopu tupu mpaka mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikawatolea albamu. Kwa hiyo anayesema mtu wa kipanya si DJ ana kesi ngumu. Baadaye kontrola za kipande kimoja zikashuka bei, na hizo ndizo zimejaa sasa kutoka Kayanga mpaka Murongo.

Walioipenda taimukodi ni wa katikati: wenye mikono ya CD na akili ya laptopu. Na hao wana somo moja ambalo dogo wa kontrola halijui, la umeme. Umeme ukikatika, laptopu ina betri, haizimi. Deki zinazima. Jenereta ikiwaka, deki inaisoma CD upya kuanzia mwanzo, na kama programu imewekwa ifuate dakika za CD, wimbo nao unarudi mwanzo. Maharusi walishafika katikati ya ukumbi, sasa wanasimama, wasimamizi wanaangaliana, emsii anatafuta cha kusema. Mzoefu anaweka programu ifuate kasi tu, isijali dakika. Giza linaingia, watu wanapiga yowe, jenereta inakohoa nyuma ya migomba, CD inazunguka, na wimbo unaendelea palepale ulipoachia.