Akiolojia ya uokozi (Tanzania)

Akiolojia ya uokozi ni kazi ya kukagua, kuchimba na kuweka kumbukumbu za mabaki ya kale kabla ujenzi wa barabara, bomba au mgodi haujayafukia. Nchini Tanzania inaegemea Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985, lakini shahada peke yake haitoshi: anayeanza hushika mwiko na chekeche, huokota vigae vya vyungu, huvipa namba kimoja kimoja, na usiku huandika ripoti. Hiyo ripoti, wala si cheti, ndiyo humpatia kazi inayofuata. Ajira nyingi ni za mkataba na huisha pamoja na mradi. Kuchimba bila kibali ni kosa kisheria.