Somo la Historia: Jiwe Lililokuwa Hai

Shikeni daftari zenu, tuanze.

Wengi wenu mkiokota tumbawe ufuoni husema ni jiwe tu. Sivyo. Tumbawe hujengwa na wanyama wadogo sana waishio maelfu kwa maelfu mahali pamoja. Kila mmoja hujifanyia kijumba cha chokaa. Wakifa, vijumba hubaki, na wengine hujenga juu yake. Tumbawe la mviringo, ambalo wataalamu huliita Porites, hukua kiasi cha sentimeta 1 tu kwa mwaka.

Wazee wa pwani walijua siri ya tumbawe hilo. Likitolewa majini likiwa bichi, ni laini, huchongeka kwa patasi. Likikauka huwa gumu. Kwa hiyo walilichonga mihirabu na miimo ya milango. Huko Kizimkazi, Unguja, yapo maandishi ya Kiarabu ya mwaka 1107 yaliyochongwa katika tumbawe. Kuta walizijenga kwa mawe ya matumbawe ya kale, yachimbwayo nchi kavu, wakazikandika kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo. Dari walizitegemeza kwa boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba. Hivyo ndivyo ulivyojengwa Msikiti Mkuu wa Kilwa, ulioanzwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye.

Baadaye watu wakazidi, na haja ya chokaa ikazidi. Pwani ya Tanzania, kama vile Mafia, watu walivunja matumbawe hai kwa mitaimbo ili wayachome. Tena mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yakageuka meupe yakafa. Mwaka 1995 ilikwisha kuanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia ili kuyalinda.

Simlaumu mwenye tanuu; naye ana watoto wa kulisha. Lakini fanyeni hesabu. Tumbawe lenye kimo cha nusu mita limekua miaka 50 hivi. Mtaimbo hulivunja kwa dakika chache. Likivunjika, samaki hukosa makao, na mawimbi hupiga ufuo bila kizuizi. Mvuvi na mwenye tanuu hukaa kijiji kimoja; njaa ya mmoja itamfikia mwenzake.

Maswali:
1. Kwa nini tumbawe lilichongwa likiwa bichi?
2. Tumbawe la kimo cha mita 1 lina umri gani?
3. Ulizeni wazee wenu: chokaa ya kijijini ilitoka wapi?

Kwaherini.