Jumapili ya Matawi huko Goshen

Kila msiba mkubwa huzaa swali lile lile: hawa walimkosea Mungu nini? Watu waliliwaza hata zama za Bwana Yesu, mnara wa Siloamu ulipoanguka na kuua watu 18. Yeye alikataa kuwahesabu marehemu kuwa wakosefu kuliko majirani zao; aliwaita walio hai watubu. Mwaka 1994 swali hilo lilirudi kwa uchungu zaidi, kwa kuwa safari hii waliokufa walikuwa kanisani.

Ilikuwa Jumapili ya Matawi, tarehe 27 Machi. Katika kanisa la Kimethodisti la Goshen, huko mashambani karibu na mji mdogo wa Piedmont, jimbo la Alabama nchini Marekani, waumini walikuwa katikati ya ibada, na watoto wakiwamo. Ilipokaribia saa sita mchana, upepo wa kisulisuli, ule ambao Wamarekani huuita tornado, ulilipiga jengo. Ulikuwa wa daraja la 4 katika kipimo cha Fujita, ambacho mwisho wake ni 5. Paa na ukuta vilianguka juu ya watu. Waumini 20 walikufa humo, na wengine wengi wakajeruhiwa. Kelly Clem, mchungaji aliyekuwa akiongoza ibada, alimpoteza binti yake wa miaka 4.

Juma lile mchungaji alikuwa mfiwa, na papo hapo mfariji wa wafiwa. Wiki Takatifu ikawa wiki ya mazishi. Hata hivyo, alfajiri ya Pasaka, tarehe 3 Aprili, watu walikusanyika penye magofu ya kanisa lao wakaabudu. Hawakuwa wamepata jibu la kwa nini. Walikuja na vidonda vyao, wakatangaza kwamba Kristo amefufuka.

Lakini habari ya Goshen haiishii kwenye machozi. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imetoa onyo kama dakika 10 kabla ya upepo kufika. Onyo hilo halikuwafikia waliokuwa wakiabudu, wala hapakuwa na king'ora cha kuwashtua. Baada ya msiba, Makamu wa Rais Al Gore alifika kuwaona wafiwa, kisha akasukuma mpango wa kueneza redio maalumu za tahadhari, ili hata watu wa vijijini wapate habari mapema.

Hapa, ndugu msomaji, wapo wanaodhani kwamba kusikiliza utabiri wa hali ya hewa ni upungufu wa imani. Mkumbuke Nuhu. Alionywa juu ya mambo ambayo macho yake hayakuwa yameyaona. Akaamini, akachonga mbao. Imani yake ilionekana katika safina, na safina ikaokoa nyumba yake.

Basi tusiwahukumu waliokufa, wala tusimsingizie Mungu kwamba aliwachukia. Tuulizane yaliyo juu yetu: tunapofunga milango na kuimba, ni nani kati yetu anayesikiliza redio? Paa letu limekaguliwa lini? Watoto wetu wa shule ya Jumapili watakimbilia wapi? Kumpenda jirani ni pamoja na kumfikishia onyo kabla upepo haujafika.