Dawa ya Picha Iliyokataa Kutoka Mwilini

Katika miaka ya 1930, madaktari wa eksirei waliisifu sana dawa ya sindano iitwayo Thorotrast. Kampuni ya Heyden ya Ujerumani iliitengeneza kwa chembe za oksidi ya thoriamu zinazoelea majini, ndogo hata hadubini ya kawaida isizione. Thoriamu ni metali nzito. Huzuia miale ya eksirei, na mishipa ya damu ikajitokeza bayana. Daktari António Egas Moniz wa Lisbon, aliyefanikiwa kupiga picha ya mishipa ya ubongo mwaka 1927 kwa chumvi ya iodini, alihamia Thorotrast mwaka 1931. Wagonjwa waliivumilia vizuri.

Hatari yake haikuwa siri. Thoriamu hutoa mionzi, na mwaka 1932 Chama cha Madaktari cha Marekani kilionya. Lakini nani angeacha picha nzuri vile? Sindano ziliendelea hadi miaka ya 1950. Mgeni huyu hakupewa jembe siku ya tatu: alipiga kambi kwenye ini, wengu na uboho, na thoriamu huchukua takriban miaka bilioni 14 kupungua nusu. Mwaka 1947 madaktari wa Boston waliripoti saratani ya ini kwa mtu aliyewahi kudungwa. Wengine, kuanzia Denmark hadi Japani, waliugua baada ya miaka 20, 30, hata zaidi.

Tangu hapo, kwa maoni yangu, swali zito si chembe inaonyesha nini, bali inatokaje. Chembe za oksidi ya chuma, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa picha za ini za MRI, zilikuwa jibu mojawapo: mwili huvunja chuma na kukitumia kwenye damu.

Jibu jingine lilitoka Chuo Kikuu cha Cornell, kwa mtafiti Ulrich Wiesner: punje za silika zenye upana wa nanomita 6 au 7, ambazo figo huweza kuzichuja. Ndani mna rangi inayong'aa. Nje huning'inizwa iodini-124. Iodini huonekana kwenye mashine ya PET kabla ya upasuaji, na rangi humwongoza mpasuaji akiwa kazini. Michelle Bradbury na wenzake wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, walizijaribu kwa wagonjwa watano wa melanoma (aina ya saratani ya ngozi), na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Punje zilitoka hasa kwa njia ya mkojo.