Kikombe cha Pembeni

Mwaka 1959, huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, mtu mmoja alitolewa damu kwa ajili ya utafiti, nayo ikahifadhiwa. Miongo kadhaa baadaye wataalamu waliipima wakakuta ndani yake virusi vya SIDA. Ugonjwa, basi, ulikaa kati yetu kabla haujapewa jina, wala haukumwuliza mtu anasali wapi.

Jina lilipofika, katika miaka ya 1980, lilipokewa kwa mzaha. Vijana wa Kinshasa walizifumbua herufi zake za Kifaransa wakisema ni maradhi ya kubuniwa ili kuwakatisha tamaa wapendanao. Kicheko kilipokoma, ikaja minong'ono. Sisi makatekista hatukunong'ona tu. Tulifundisha kwamba ni adhabu. Na kumbe mwaka 1987, huko San Francisco, Papa Yohane Paulo II alikuwa amekwisha kumkumbatia mtoto mwenye virusi mbele ya watu wote. Hilo hatukulifundisha.

Tarehe 14 Julai 2008 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za watu wanaoishi na virusi, inayokataza kuwabagua. Serikali (tuseme wazi) ilitutangulia sisi wenye Injili. Wakati huo, katika shirika letu hapa Kalemie, mama mmoja aliyeimba nasi miaka mingi alikuwa na kikombe chake cha pembeni. Hakuna aliyeamuru, kila mtu alijua tu ni kipi. Jumapili moja akaja na kikombe kutoka nyumbani kwake, ili kutupunguzia taabu, akaketi karibu na mlango.

Nasi tukamshukuru.